Mabanda ya kando ya ziwa kwa familia ya watu saba: Bunyonyi, Mburo, Kalangala au Fort Portal?

MamaWaNne
Wapendwa, naomba ushauri. Likizo ya Agosti tunataka kutoka Kampala tulale siku tatu kwenye banda kando ya ziwa, hoteli hapana. Tuko saba: wazazi wawili, bibi mwenye magoti yanayouma, na watoto wa miaka 11, 8, 5 na 2. Gari ni Noah ya kawaida. Watoto wanataka kuingia majini, baba yao anataka kuona wanyama, mimi nataka angalau mlo mmoja kwa siku nipike mwenyewe. Tuchague wapi, na tuulize nini kabla ya kutuma pesa?

NjiaYaMagharibi
Dada, usianze kwa kuangalia picha za mabanda. Anza na maji yenyewe, maana hapo ndipo chaguo lenu linapopungua haraka. Mburo ni ziwa ndani ya hifadhi ya wanyama, kuna viboko na mamba, kuogelea hakuna kabisa. Kalangala ni kisiwani ndani ya Ziwa Victoria, na Victoria kuna kichocho. Kama watoto kuingia majini ndilo sharti la kwanza, mnabaki na Bunyonyi na baadhi ya maziwa ya kasoko (yaliyo kwenye mashimo ya volkeno za zamani) upande wa Fort Portal.

Bunyonyi haina viboko wala mamba, na kwa miaka mingi imejulikana kuwa ziwa lisilo na kichocho. Shida yake ni ukingo. Lile ni bonde la milima lililojaa maji, kwa hiyo hakuna ufuko wa kuteremka polepole. Hatua mbili tatu na mtoto wa miaka 8 hafikii chini. Maziwa ya kasoko ni hivyo hivyo, pengine zaidi. Tafuteni sehemu yenye jukwaa la mbao lenye ngazi ya kushukia majini na eneo lililozungushiwa kamba. Picha ya mtumbwi na machweo haiwaambii lolote kuhusu hilo. Omba wakupigie picha ya mahali watu wanapoingilia majini.

La pili ni mteremko wa nchi kavu. Mabanda mengi ya Bunyonyi yamejengwa juu kilimani ili yapate mandhari, na bibi ndiye atakayelipia mandhari hayo. Uliza: kutoka gari linapoegeshwa hadi mlangoni kuna ngazi ngapi? Na kutoka mlangoni hadi mahali pa kula? Wakikujibu "si mbali", rudia swali mpaka utajiwe idadi.

Okello_Lira
Kichocho watu wanakikuza mno. Ingieni Victoria dakika kumi, tokeni, jifuteni na taulo vizuri. Basi.

NesiMstaafu
Ndugu Okello, hapo unapotosha. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache tu. Kujifuta na taulo kunaweza kupunguza kidogo, lakini si kinga ya kutegemewa. Na watoto hucheza pale pale hatari ilipo kubwa zaidi: maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani na matete.

Jambo linalosahaulika ni bafu. Ukiwa kisiwani, uliza maji ya kuoga yanatoka wapi. Kama yanavutwa ziwani na kwenda moja kwa moja bombani, kuoga ni sawa na kuingia ziwani. Yakikaa kwenye tangi angalau saa 24 bila kuongezwa mapya, vijidudu hao hufa, na yaliyochemshwa hayana tatizo hilo. Ya kunywa chemsheni kila mahali, hata Bunyonyi. Kutokuwa na kichocho hakumaanishi maji hayana vimelea vya kuhara.

Mtu akishaingia Victoria, kipimo cha siku ya pili hakina maana kwa sababu mayai hayajaanza kuonekana kwenye choo. Asubiri wiki sita hadi nane. Dawa ni praziquantel, hupimwa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo msimgawie mtoto kidonge cha mkubwa.

Na vyandarua: Bunyonyi iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari na mbu ni wachache, lakini chandarua kitumike bado. Mburo, Kalangala na Fort Portal si la kujadili. Uliza kama kila kitanda kina chake, kikiwemo godoro la ziada watakalomwekea mtoto chini. Hilo ndilo huachwa wazi.

MwanaSsese
Kalangala msiitupe jamani. Ndiyo pekee kati ya hizo yenye mchanga mpana, na mtoto wa miaka 2 anahitaji mchanga kuliko kuogelea. Kutoka Masaka mnateremka Bukakata, kivuko cha kwenda Luku, upande wa kisiwani, ni bure pamoja na gari. Foleni ya mwisho wa wiki ni ndefu, fikeni mapema. Mitumbwi ya abiria iliyojaa kupita kiasi achaneni nayo, hata bei ikiwa ya kuvutia. Victoria huchafuka kwa upepo ghafla.

Ila kama watoto hawawezi kuzuiwa kuingia majini, nakubaliana na Nesi.

DerevaWaMbarara
Naona mnamtaka dada achague ziwa moja wakati barabara inamruhusu mawili. Mburo iko njiani kwenda Kabale, kati ya Lyantonde na Mbarara. Laleni Mburo usiku mmoja, baba apate wanyama wake, kisha Bunyonyi usiku miwili, watoto wapate maji. Kampala hadi Kabale ni kama kilomita 410, na kwa watoto wanne na bibi hiyo si safari ya kumaliza kwa mkupuo mmoja.

Siku ya kwanza: tokeni saa kumi na moja alfajiri kabla Busega na Kyengera, mnapotokea Kampala, hazijafunga kwa msongamano wa magari. Simameni Kayabwe kwenye ikweta au Lukaya mle gonja (ndizi za kuchoma) na nyama. Kiingilio cha hifadhi huhesabiwa kwa saa 24 tangu mlipopita getini, na hapa wengi wanapoteza pesa. Mkiingia saa nne asubuhi, kesho saa nne mnatakiwa muwe nje, na mzunguko wa alfajiri mtaukimbiza. Ingieni saa nane mchana: jioni mnapata safari ya mtumbwi wa injini, asubuhi mnazunguka na gari, mnatoka kabla ya saa nane. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa bei yao, lakini lazima muonyeshe vitambulisho.

Noah wakati wa kiangazi hupita njia kuu za ndani, ila waulizeni askari wa hifadhi getini ni njia zipi siku hiyo. Likizo ya Mei nisingewashauri. Ni mvua, na udongo ule unateleza. Wanyama: pundamilia wengi, swala, pofu (jamii ya swala wakubwa), na twiga walioletwa kutoka Murchison Falls mwaka 2015. Tembo hakuna, baba asije akalalamika. Msivae bluu wala nyeusi, mbung'o hupenda rangi hizo.

Kutoka Kabale kwenda Bunyonyi kuna miteremko mikali. Mkishuka wekeni gia ndogo, kwa otomatiki ni L au 2. Ukikanyaga breki mfululizo gari likiwa limebeba watu saba na mizigo, breki huchemka na kuacha kushika.

MamaWaNne
Mzee Dereva, hili la mawili sikuliwazia, asante sana! Mburo tukilala ndani, choo kikiwa nje usiku inakuwaje?

DerevaWaMbarara
Kambi ya Rwonyo iko karibu na maji na viboko hupanda kula majani usiku, hata katikati ya mabanda. Kwa hiyo chukua banda lenye choo ndani. Likikosekana, ndoo yenye mfuniko kwa watoto, na mlango haufunguliwi mpaka mmulike pande zote. Kiboko hatari zaidi ni yule uliyemkatia njia ya kurudi majini. Chakula kikae ndani ya gari au banda lililofungwa, maana ngiri na tumbili hawabishi hodi. Mnaweza pia kulala nje ya geti na kuingia mara moja tu. Kwa bibi huenda ndiyo nafuu.

SigiriNaSufuria
Mimi niongelee jiko. "Jiko lipo" maana yake inaweza kuwa jiko la mpishi wao. Uliza hivi: wageni wanaruhusiwa kujipikia? Mnatoa sigiri, sufuria na sahani, au tuje na vyetu? Makaa mnauza? Sehemu nyingine hutoza ada ya kuleta chakula, bora ijulikane mapema. Viazi, kabichi na mboga nunueni soko la Kabale, ni rahisi na vibichi kuliko kubeba kutoka Kampala. Unga, mafuta, chumvi na chakula cha mtoto bebeni.

Sasa lililo kubwa. Kabale kuna baridi hata Agosti, na mtu akiona makaa yameshika vizuri bila moshi hushawishika kuingiza sigiri ndani watoto wapate joto. Msifanye hivyo hata kidogo. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Hata yanayoonekana yamezimika bado huitoa. Sigiri ilale nje. Joto litoke kwa blanketi za ziada, soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, haya yaandikwe kwenye ujumbe: bei ni ya banda au ya kila kichwa, watoto wanahesabiwa vipi, kifungua kinywa kimo au hakimo, maji moto ni ya sola au ya kuni (ya sola yanaisha haraka wakioga saba), na kama pesa hurudishwa msipofika. Mkichagua kisiwa, uliza nauli ya mtumbwi ni ya chombo kizima au ya mtu, na wa mwisho huondoka saa ngapi. Gari litabaki mwaloni, kwa hiyo uliza pia nani analilinda. Noti taslimu muwe nazo; wakala wa pesa za simu huishiwa floti.

MamaWaNne
Jaketi okozi za watoto wanazo, au tununue?

NjiaYaMagharibi
Nyingi zinazokodishwa ni za wakubwa. Kwa wa miaka 2 na 5 njooni na zenu, mkichagua kwa uzito ulioandikwa ndani, si kwa umri. Ya mdogo iwe na mkanda unaopita katikati ya mapaja na kola ya kuinua kichwa. Mvalishe, funga mikanda yote, kisha inua jaketi kwa mabegani. Kidevu na masikio yakizama ndani ya jaketi, ni kubwa, rudisha dukani. Na ile midoli ya kupuliza iacheni nyumbani, upepo wa mchana huisukuma kuelekea kwenye kina pamoja na mtoto.