Kazi ya kabini siku meli inapita Mfereji wa Panama: kuna nafuu au ndiyo mateso?

Toroli Mpya:

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nimepata mkataba wa miezi minane wa usafi wa kabini kwenye meli ya kitalii. Ratiba imefika juzi, na kati ya Cartagena, Colombia, na Puntarenas, Costa Rica, kuna siku imeandikwa tu "kupita Mfereji wa Panama". Hakuna kushuka. Tunaingia alfajiri upande wa Atlantiki, jioni tunatokea Pasifiki.

Maswali yangu huenda ni ya kitoto, mnisamehe. Siku hiyo sisi wa kabini tunapata nafuu, maana abiria wote watakuwa juu wanatazama? Wafanyakazi tunaruhusiwa kutoka nje walau kidogo? Na meli ikipandishwa kwenye yale mageti ya maji inayumba? Bahari naiogopa, siwafichi. Binamu yangu aliyewahi kupita huko kanicheka akasema, "Wewe utaona ukuta." Sikumwelewa.

Mzee wa Deki Tatu:

Karibu kwenye ukoo, dada. Binamu yako anajua anachokisema. Mimi nimepita pale mara tisa, zote nikiwa wa kabini, na mara ya kwanza nilichokiona ni huo huo ukuta. Nitaufikia.

Kwanza la nafuu: litoe kichwani. Siku ya bandari abiria wanashuka, unabaki wewe, korido tupu na toroli lako. Siku ya mfereji hashuki mtu. Saa kumi na moja alfajiri unakutana nao koridoni na kofia na darubini, mmoja bado yuko na ndara za kuogea, wanakimbilia omo, kwa sababu siku hiyo hufunguliwa sehemu ya mbele ambayo siku nyingine abiria hawakanyagi. Kila mtu anaitaka kona ya mbele kabisa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wageni wa kazi hupotea. Wenye kabini za ndani, zisizo na dirisha, wanatoka mapema na hawarudi. Hizo utazimaliza asubuhi mpaka ushangae. Wenye balkoni ni habari nyingine. Wamelipia balkoni kwa ajili ya siku hii moja, hawatoki ng'o. Unagonga, unaambiwa njoo baadaye. Unarudi, baadaye tena. Nilikuwa na kabini 18, 11 zina balkoni. Saa sita mchana nilikuwa nimefanya 7 za ndani na 1 ya mzee aliyelala usingizi wa pono akakosa kila kitu. Zile 10 nilizipata jioni kwa mkupuo, na kitambaa cha kufutia jasho shingoni.

Na taulo! Joto la pale lina unyevu, shati linakuganda mgongoni ukiwa umesimama tu. Mtu anaoga asubuhi, mchana na kabla ya chakula cha jioni. Weka akiba ya taulo kwenye toroli tangu usiku, usingoje kuombwa.

Haya, ukuta. Ile mara ya kwanza nilipata dakika kumi na tano za chai, nikashuka mesi ya wafanyakazi, ambako kuna madirisha ya duara upande mmoja. Nikakuta giza. Nikadhani wamefunga vifuniko vya madirisha kwa ajili ya dhoruba. Kumbe tumo ndani ya geti la kwanza la Gatun, mageti ya zamani ya upande wa Atlantiki: geti ni chumba cha zege kinachojazwa maji ili kuinyanyua meli. Vyumba vile vya zamani vina upana wa mita 33.5, na meli pana inayoruhusiwa kupita ni ya mita 32 na kitu. Toa mwenyewe: kinachobaki ni kama sentimita 60 kila upande. Nje ya kioo palikuwa na zege tupu, limelowa, lina utelezi wa kijani, na limechorwa michirizi ya rangi za meli zilizolisugua: nyekundu, bluu, nyeusi, juu yake nyekundu tena.

Niliweka jicho kwenye kibonge kimoja cha kutu. Kikaanza kushuka. Mimi sikuhisi kitu, chai kwenye kikombe haikutikisika, ila kile kibonge kinashuka taratibu kama kinazama, kikapita chini ya dirisha, kikapotea. Halafu mwanga ukaingia kwa juu. Nikaona buti mbili. Nikaona magoti. Mwishowe mtu mzima, amevaa koti la kuokolea, anakunywa maji ya chupa. Tukatazamana kama majirani waliokutana dirishani. Akanipungia ile chupa. Muda wangu wa chai ukaisha.

Kwa hiyo hapana, haiyumbi. Tena kwa mwoga wa bahari hiyo ndiyo siku yako nzuri kuliko zote: ukishapandishwa mara tatu pale Gatun unakuwa juu ya ziwa, mita 26 juu ya usawa wa bahari, na mawimbi hakuna.

Jiko la Chini:

Mzee wa Deki Tatu umesahau jikoni! Dada, hao wanaokimbilia omo alfajiri wanakula wapi? Tunawafuata huko huko na sinia za maandazi laini ya jemu na majagi ya juisi. Saa tisa usiku tumeshawasha oveni. Mchana tunadhani watashuka kwenye ukumbi wa chakula, hawashuki, wanataka kitu cha kushika mkononi wasikose picha ya mamba. Mamba wapo kweli ziwani, mimi sijawahi kumwona hata mmoja, namsikia tu kwenye kipaza sauti.

Fundi wa Chini Kabisa:

Naongeza mambo mawili ya upande wa injini, maana yanaigusa kazi yako.

La kwanza, hakuna pampu inayoipandisha meli. Maji yanatiririka yenyewe kutoka Ziwa Gatun juu, yanapita kwenye mifereji ndani ya kuta, yanaingilia chini ya sakafu ya chumba. Ndiyo maana kikombe cha Mzee hakikutikisika. Meli moja ikivuka, zinamwagika baharini takriban lita milioni 200 za maji baridi. Kwa hiyo mvua ikigoma, kama ilivyogoma 2023, wanapunguza idadi ya meli kwa siku.

La pili, humo ndani haturuhusiwi kumwaga maji machafu. Yote ya kuoga na kufulia yanabaki kwenye matangi mpaka tutoke. Sasa weka pamoja na hizo taulo za Mzee: abiria wanaoga mara tatu, dobi anataka kufua, matangi yanajaa. Usishangae supavaiza akisema shuka hazibadilishwi siku hiyo isipokuwa za kabini zenye abiria wapya au aliyemwaga kitu. Si uchoyo.

Halafu swali. Meli yako ina upana gani? Hayo ya ukuta ni ya mageti ya zamani, ya 1914. Tangu Juni 2016 kuna mageti mapya kwa meli pana.

Nyuzi Joto 40:

Mimi nimepita Suez, si Panama. Huko hamna mageti wala kupandishwa, ni mfereji ulionyooka kilomita 193 usawa wa bahari, meli zinafuatana kwa msafara, mchanga kulia, miji na mashamba kushoto. Abiria wanatazama saa moja wanarudi kuogelea. Kabini zote nilimaliza saa nane. Panama mnajitesa tu.

Mzee wa Deki Tatu:

Wa Suez, hatukukuuliza bwana, lakini karibu. 😄

Dada, la kutoka nje. Meli nyingi zina eneo la wafanyakazi la wazi, mara nyingi huko nyuma tezini au mbele chini ya daraja la nahodha. Waulize wenyeji siku ya kwanza. Usiende kwa abiria na sare bila ruhusa ukasimama kupiga picha. Mwenzangu alifanya hivyo, akarudishwa ndani mbele ya watu, na aibu ile aliibeba wiki nzima. Mapumziko yako yalinde. Kanuni za kazi za baharini zinataka upate walau saa kumi za kupumzika katika kila saa 24. Siku ya mfereji ndiyo siku zinapoliwa kimyakimya, kwa hiyo andika saa zako kama zilivyo, usiandike za kumfurahisha mtu.

Ukipata nafasi ya dakika ishirini tu, ipange kwa ajili ya kuingia geti. Ziwa ni zuri, ila ziwa ni saa nyingi za miti na visiwa (ni vilele vya vilima, bonde lote lilizamishwa walipoziba mto Chagres). Getini ndiko kuna kazi za watu. Wanakuja wawili na kimashua cha makasia, narudia, makasia, kuchukua kamba ya meli ya ghorofa kumi na mbili. Wakishaifikisha ukutani, nyaya zinafungwa kwenye vichwa vya treni vya umeme vinavyotembea juu ya ukuta, pande zote mbili. Wenyewe wanaviita mulas, yaani nyumbu, na usinifikirie wale wa mbugani. Hawa ni nyumbu chotara la farasi na punda. Haviikokoti meli, injini yake inafanya hiyo kazi. Vyenyewe vinaishikilia isiguse zege, vinapiga kengele, vinapanda ile miteremko kama mende ukutani. Nahodha naye siku hiyo amempisha rubani wa mfereji. Pale rubani ndiye anayeiongoza meli, si mshauri tu kama kwenye bandari nyingine.

Historia hutaikosa hata ukiwa umeinamia kitanda, kwa sababu kuna mtu anasimulia kwenye kipaza sauti siku nzima. Mimi nimejifunza yote nikibadilisha foronya. Wafaransa walianza 1881 chini ya Ferdinand de Lesseps, yule yule wa Suez, akitaka mfereji wa usawa wa bahari usio na mageti (wa Suez hapo juu, unasikia?). Malaria na homa ya manjano ziliwaua watu kwa maelfu, kampuni ikafilisika. Wamarekani wakashika 1904, wakapambana na mbu kwanza, wakafungua Agosti 1914. Waliochimba wengi walikuwa weusi wenzetu kutoka Barbados na Jamaica. Hapo msimuliaji hupita haraka, halafu anakwenda kwa Richard Halliburton aliyeogelea mfereji mzima 1928 na kutozwa senti 36, abiria wanacheka. Mimi kila mara nabaki kwa wale wa Barbados. Mkipita Culebra, ule mlima uliopasuliwa, tazama tu kuta za mawe zilivyo ngazi ngazi, halafu fikiria sururu.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau nyumbani.

Toroli Mpya:

Jamani asanteni sana, nimecheka peke yangu. Nimeuliza upana wa meli kwa wakala: zaidi ya mita 37. Kwa hiyo Fundi, mimi ni wa mageti mapya? Basi sitauona ukuta?

Fundi wa Chini Kabisa:

Mapya ndiyo. Agua Clara upande wa Atlantiki, Cocolí upande wa Pasifiki, kila moja ngazi tatu. Chumba kina mita 55 upana, kwa hiyo ukuta utakuwa mbali, na nyumbu hakuna. Ni tagi, zile boti ndogo za kuvuta meli, moja mbele moja nyuma, zinaingia nanyi humo ndani. Mageti yenyewe hayafunguki kama mlango wa kabati, yanateleza kwenda pembeni. Kando kuna mabwawa matatu kwa kila chumba, yanarudisha asilimia 60 ya maji yatumike tena.

Mzee wa Deki Tatu:

Pole, ukuta wangu umeukosa. Mageti mapya nimepita mara mbili, ni makubwa, ni masafi, lakini yule mtu wa chupa ya maji hayupo.

Ila una faida moja, shika hii. Balkoni hazikujibu njoo baadaye kwa kubahatisha, zinafuata upande wa kutazama. Asubuhi Agua Clara, mageti ya zamani ya Gatun na meli zinazopanda huko zinaonekana mkono wa kulia. Wa kulia wote watakuwa wamejazana balkonini, na wa kushoto wengi wamehamia juu upande ule wa pili. Anza na kushoto. Mchana mkifika Cocolí inageuka: Miraflores, mageti ya zamani ya upande wa Pasifiki, iko kushoto, na mkishapita Daraja la Amerika majengo marefu ya Jiji la Panama nayo yako kushoto. Hapo ingia za kulia, mbio.

Mwulize supavaiza akupe kabini za pande zote mbili. Ukipewa za upande mmoja tu, mtafute mwenzako wa upande wa pili usiku huo huo mpange kusaidiana.

Toroli Mpya:

Nimepewa deki ya saba, kabini 16, zote upande wa kulia.

Mzee wa Deki Tatu:

Basi kula vizuri asubuhi.