Kuhoji batu ba teyatre: banajibu vizuri lakini habasemi kitu

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo yenu bote. Niko nafanya memwari ya masta, mambo yangu ni ma-trupe yenye inacheza teyatre mu Swahili huku Lubumbashi, ile ya kucheza bila kuandika, banapatana tu mwanzo iko hivi mwisho iko hivi, katikati kila mutu anajitafutia maneno yake. Minataka kujua namna banafanya. Nani anaamua mwenzake anyamaze, juu ya nini batu banacheka pale na hapana pengine. Basi naenda naona bazee na bale ba sasa, naweka telefone ku meza, nauliza, banajibu kwa roho nzuri kabisa lakini ni maneno yale yale, "ni zawadi ya Mungu", "teyatre inafundisha batu", "serikali haitusaidie". Nikiuliza muchezaji mumoja juu ya ile ginsi alizunguka kiti wakati wa kugombana na bibi yake mu mchezo, ananiangalia sawa vile namuuliza namna anapumua. Direkteri wa memwari yangu naye anataka kestyonere, maulizo ile ile kwa bote, mu Kifaransa, ili niweze kulinganisha. Tena kuko mambo ya makuta (feza), muzee mumoja aliniuliza wazi, mwana, utanipa nini? Bale benye balishafanya anketi na ba-artisti, munafanyaka je?

Viye_wa_Kenya (Lubumbashi)
Mwana, miye nilicheza teyatre tangu niko kijana huku Kenya (komine yetu, hapana ile ya Nairobi). Unaweka telefone mbele ya komedye (muchezaji wa teyatre), unafikiri atafanya nini? Atacheza. Kwake ile kuhojiwa ni seni (kipande cha mchezo) sawa zingine, na ile "zawadi ya Mungu" ni maneno tulizoea kupatia ba-jurnaliste ba radio, tunayajua kwa kichwa. Komedye usimuhoji peke yake, ukamate babili ao batatu benye balicheza pamoja. Mumoja ataanza kueleza, mwengine atamukatiza, "unabongopa, ni miye nilianza kuanguka, weye ulinifuata", pale njo utasikia kazi yetu. Na uanze kufika ku repetisyo (mazoezi ya mchezo), ukae chini, usiulize kitu siku za kwanza.
Juu ya makuta, usikasirike. Huyu muzee anaacha kazi yake siku nzima juu yako. Umurudishie transpori na chakula, umuambie tangu mbele ni makuta ngapi, lakini usilipe maneno. Ukilipa jibu utapata lile jibu lenye anafikiri unataka.

Nyawera_Bukavu
Mwana Katuba, wewe uko Lubumbashi na unatafuta mfano mbali? Huko kwenu njo kulitoka ile kazi ya Johannes Fabian, mwana-antropolojia, na Groupe Mufwankolo, trupe ya teyatre ya huko. Alisikia watu wakisema "le pouvoir se mange entier", ni kusema mamlaka inakuliwa nzima nzima, hakuelewa vizuri, akaanza kuuliza huku na huku, na kila mutu alimujibu kwa namna yake. Alipofikisha lile ulizo kwa ba Mufwankolo, wao wakalifanya mchezo. Ilikuwa mwaka 1986. Yeye akafuata na mashini ya kurekodi, tangu yale mazungumzo ya kwanza ya kupanga nani atakuwa nani, repetisyo, mupaka mchezo wenyewe wa televizyo. Kitabu kikatoka 1990, na Swahili ya ba-aktere imeandikwa ndani vile waliisema. Ulizo moja, jibu likakuwa teyatre nzima! Yeye mwenyewe anaeleza mule kwamba kuna maarifa yenye haitoki mu kujibu mutu, inatoka mu kucheza tu.
Lakini usikimbilie kuandika eti interviu haina kazi, maana Fabian bila kuuliza asingefika pale. Miye ninapendaka kufanya na videyo. Unarekodi mchezo, siku zenye zinafuata unakaa na mchezaji, unamupatia telefone mu mkono wake, yeye njo anasimamisha pale anataka. Na usiulize "juu ya nini ulifanya vile", hilo linamufanya mutu ajitetee sawa vile yuko polisi. Uliza vitu vidogo: hapa ulikuwa unaangalia nani? Kama kile kiti hakingekuwa pale, ungefanya je? Kwa kiti utaona ataongea saa nzima.

Viye_wa_Kenya
Ile ya videyo ni muzuri lakini muangalie. Komedye akijiona mara ya kwanza atasema tu "pale nilinenepa", kisha atalaumu benzake. Mumuache amalize. Muanze kuuliza mara ya pili.

Mcheza_Himbi (Goma)
Salamu toka Goma. Kwa dansi iko ngumu zaidi, sisi maneno hatuna kabisa. Muombe akufundishe hatua moja na uifanye vibaya mbele yake, wala hautahitaji kujilazimisha hehe. Pale anakurekebisha njo anasema mambo yenye hawezi kusema mu kiti: uzito weka mu kisigino, acha bega, ngoja ngoma ikupite kidogo. Rekodi kule kurekebisha.
Kingine ni majina. Sheria ya kuficha majina inatoka ku anketi za hospitali na mambo ya namna ile, lakini artisti anataka jina lake liandikwe, kazi ni yake, ukimuita "aktere A" unamuibia. Huku kwetu tena ni kinyume. Tangu mwezi wa kwanza 2025 muji uko mu mikono ya waasi wa M23, kuna wenye walikuwa wanacheza mambo ya vita na hawataki sauti yao ibaki mu telefone ya mutu. Kwa hiyo usisainishe karatasi siku ya kwanza ukafunga, umurudilie kisha kusikiliza, umuulize tena nini ibaki na nini itoke. Na sauti za watu usiziache zinatembea mu WhatsApp.

Mwana_Katuba
Aksanti sana bakubwa. Ile ya kiti nitaifanya. Sasa direkteri na kestyonere yake?

Nyawera_Bukavu
Usigombane naye, gawanya. Vitu vya kulinganisha weka mu maulizo ya kudumu kwa wote: aliingia trupe mwaka gani, nani alimufundisha, walilipwaka je, walichezaka wapi. Hapo miaka watachanganya, linganisha na afishi, picha, kanda za zamani. Ingine yote iwe fishye ya mambo ya kuongelea tu. Kama anasema hiyo haiko siyansi, mukumbushe palepale ku UNILU, universite ya Lubumbashi, kuna Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria, na ile kazi ya Mémoires de Lubumbashi tangu 2000, imejengwa juu ya watu kueleza maisha yao.
Na Kifaransa hapana! Hoji mu Swahili, andika Swahili yao vile vile bila kuinyosha, tafsiri kwa Kifaransa pembeni. Ujipange tu, saa moja ya sauti inaweza kukukula saa tano ao sita za kuandika, na wakiwa watatu wanakatizana vile viye anasema, ni zaidi.

Mama_Ruashi (Lubumbashi)
Nasoma naona munasema kuhoji mu groupe. Mwana, mu groupe baba banasema, bamama banacheka. Mu trupe yenye nilikuwa, seni mingi ya kugombana mu nyumba ni siye bamama tulikuwa tunatengeneza, tulikuwa tunaleta maneno toka ku soko, lakini ukiuliza mbele ya bote utasikia ni muzee fulani njo alianzisha, na hakuna mama atamukatiza. Fanya ile groupe ya viye, ni muzuri, kisha urudilie bamama peke yao, ukuje na dada yako ao mwanafunzi mwanamuke mwenzako, na hapana saa ya kupika.