Faili za Word zisomeke ndani ya ukurasa wa tovuti bila kupakuliwa

mtunza_tovuti_tabora
Wakuu, habari zenu. Tovuti ya chama chetu cha msingi cha tumbaku ina mihtasari kama 40 ya mikutano, mingi ni .docx, michache .doc za zamani. Mwanachama wa Urambo au Sikonge akibonyeza kiungo, simu inapakua faili, na wengi hawana programu ya kuifungua. Nataka asome hapohapo bila kumaliza bando. Kuna majedwali ya uzito na madaraja ya tumbaku.

fundi_ujiji
Mkuu, kivinjari hakisomi .docx. Faili hiyo ni furushi la ZIP: ibadilishe jina iishie na .zip, ifungue, utakuta maandishi kwenye word/document.xml na picha kwenye word/media. Lazima igeuzwe kabla haijamfikia msomaji.

Kwa wasomaji wa simu, geuza iwe HTML. Maandishi yatajipanga kufuata upana wa kioo, wakati PDF ya A4 inamlazimisha mtu kukuza na kuvuta kushoto kulia kila mstari. Weka Pandoc (programu ya kugeuza nyaraka kutoka aina moja kwenda nyingine) kwenye kompyuta yako, kisha:

`pandoc muhtasari.docx -s -o muhtasari.html --extract-media=picha`

Ukipachika matokeo ndani ya kiolezo cha tovuti, ondoa -s (inayotengeneza ukurasa kamili unaojitegemea), lakini kiolezo kiwe na `<meta charset="utf-8">`, la sivyo ng' na alama za nukuu zitageuka vikorokoro.

Pandoc haigusi .doc. Anza na LibreOffice, na ufunge kwanza dirisha lake lolote lililo wazi, maana likiwa wazi amri hii huweza kukwama kimyakimya:

`soffice --headless --convert-to docx *.doc`

Majedwali yafunge ndani ya div yenye `overflow-x: auto`, yasitanue ukurasa mzima. Na mwambie katibu atumie mtindo wa Heading 1 kwenye vichwa. Akikoleza tu wino na kukuza herufi, Pandoc itaona aya ya kawaida.

mpiga_kodi_kgm
Naunga mkono. PDF iachie barua zenye saini na muhuri, ambazo mpangilio lazima ubaki ulivyo. Ukigeuza Word kuwa PDF kwenye seva ya Ubuntu, weka kwanza fonti za Carlito na Caladea. Zina upana uleule wa Calibri na Cambria. Zikikosekana mistari inasogea na saini inaangukia ukurasa wa pili.

La muhimu zaidi: usiache .docx yenyewe hadharani. Inaweza kubeba maoni ya pembeni na maneno yaliyofutwa Track Changes ikiwa imewashwa, na jina la mwandishi limo ndani ya docProps/core.xml. Kwa muhtasari unaotaja madeni ya wanachama, hilo ni jambo zito. Kwa sababu hiyohiyo, kionyeshi cha mtandaoni cha Microsoft sikishauri hapa: kinataka kiungo kilicho wazi kwa kila mtu.

mtunza_tovuti_tabora
Nashukuru sana wakuu. Majedwali yametoka safi. Ila grafu mbili hazionekani, panabaki kisanduku kitupu.

fundi_ujiji
Angalia folda ya picha/media, ambako Pandoc imetoa picha. Grafu zilizonakiliwa kutoka Excel mara nyingi huwa .emf (aina ya picha ya Windows), na vivinjari haviionyeshi. Ingia kwenye folda hiyo:

`soffice --headless --convert-to png *.emf`

Kisha badilisha .emf kuwa .png kwenye src (sehemu inayotaja jina la faili la picha) za HTML.