Mrejesho: punguzo la intaneti ya nyumbani hapa Marekani

Wakuu, niliuliza kama serikali inasaidia kulipia intaneti ya nyumbani kwa mama. Ahsanteni mlionijibu.

Ule mpango wa serikali wa ACP, uliokuwa ukipunguza bili ya intaneti kwa dola 30 kwa mwezi, usahauni, fedha ziliisha ukafungwa Juni 2024. Uliobaki ni Lifeline, punguzo la serikali kwenye bili ya simu au intaneti kwa wenye kipato kidogo, dola 9.25 kwa mwezi. Kidogo, lakini si haba.

Mama anapokea SNAP, msaada wa serikali wa chakula, kwa hiyo hakudaiwa hati za kipato. Barua ya SNAP ilitosha. Kasheshe ikawa anwani. Tunaishi na shangazi, naye tayari ana Lifeline kwenye simu yake, na sheria ni punguzo moja kwa kila kaya. Mfumo ukamkataa mama. Kumbe kuna fomu ya kaya: mnatamka kwamba mnakaa nyumba moja lakini hamchangii kipato wala matumizi. Na kweli, wale wawili hata sukari kila mtu ana yake! Akajaza, akatia sahihi, akapita.

Kabla hujahangaika, uliza kampuni yako kama imo kwenye Lifeline. Yetu haikuwemo, ikabidi tuhame. Na kila mwaka lazima uthibitishwe upya, la sivyo wanakata.