Sukari ipo kwenye mkojo, kwenye damu haipo. Ni hizi ARV?

Mjukuu wa Pangani
Wakuu habari zenu. Mama yangu mdogo ana miaka 58, anatumia ARV muda mrefu, sasa yuko kwenye TLD, kile kidonge kimoja. Juzi kapimwa mkojo: sukari mbili jumlisha, protini moja. Sukari ya damu ya kidole kabla hajala, 5.2 mmol/L. Wakarudia, jibu lile lile. Jirani anasema ni kisukari cha kujificha, aanze mitishamba. Mwenyewe analalamika mbavu na nyonga zinamuuma. Hii sukari inatoka wapi?

Dada wa Maabara
Pole kwa kuuguza. Asianze dawa yoyote ya kisukari kwa jibu hilo. Figo huchuja sukari, kisha mirija yake midogo huirudisha karibu yote kwenye damu. Kwa kawaida huvuja ikizidi kama 10 kwenye damu. Yeye ana 5.2, basi wa kuangaliwa ni hiyo mirija.
Ndani ya TLD kuna tenofovir miligramu 300. Ikirundikana kwenye seli za mirija huharibu mitokondria, yaani mitambo ya nguvu ya seli, na seli zikikosa nguvu, sukari, protini na fosfeti (madini ya mifupa) hupita tu kwenda nje. Fosfeti ikipungua mifupa hulainika na kuuma. Dawa iliidhinishwa Marekani 2001, na 2002 madaktari walishachapisha habari za mgonjwa wa hali hii, inaitwa Fanconi. Si wengi inaowapata, ila huyu wenu ana dalili zake.

Mzee Kificho
Mkuu, kwa hayo maumivu anameza nini?

Mjukuu wa Pangani
Diklofenaki, karibu kila siku.

Mzee Kificho
Hiyo aiache leo, inaongeza mzigo kwenye figo. Lakini TLD asiiache mwenyewe! Tenofovir na lamivudine, zote zimo ndani ya TLD, zinashika pia homa ya ini aina ya B. Kama anayo, akikatisha ghafla ini linaweza kuwaka vibaya.

Mjukuu wa Pangani
Asanteni sana. Kesho nampeleka CTC, kliniki yake ya ARV. Niombe vipimo gani?

Dada wa Maabara
Kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja), fosfeti na potasiamu ya damu, mkojo tena, na homa ya ini B kama hajawahi kupimwa. Kreatinini peke yake isiwatoshe: dolutegravir, dawa ya tatu ndani ya TLD, huipandisha kidogo bila figo kuumia, na mirija inaweza kuharibika huku kreatinini ikionekana nzuri. Ikithibitika, daktari atambadilishia tenofovir, mfano ampe abacavir, ARV nyingine, au tenofovir ile mpya ya TAF kama ipo, akizingatia majibu ya ini. Beba karatasi zote mbili za majibu, ya mkojo na ya damu, daktari azione pamoja.