GPA 3.8 ya digrii ya kwanza ni kufuli la ajira vyuoni, na wanafunzi hawaambiwi mpaka wamemaliza

Wakuu, kwenye hili sitapunguza sauti.

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa Mlimani, Muhimbili, Ardhi, Chang'ombe na kwingineko jijini Dar es Salaam hupewa wiki nzima ya maelekezo. Wanaonyeshwa maktaba na zahanati, wanaelezwa boom (fedha za kujikimu za mkopo) linaingiaje, wanasomewa sheria za hosteli. Hakuna anayeshika kipaza sauti akawaambia kwamba anayetaka kuja kufundisha chuo kikuu cha umma nchi hii lazima awe na GPA (wastani wa alama, juu kabisa ni 5) isiyopungua 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili. Hilo kijana analigundua amesharudi nyumbani, anasoma tangazo la Mkufunzi Msaidizi kwenye simu, ana 3.7 mkononi. Kwa nini tunawaficha watoto wa watu jambo linaloamua maisha yao?

Tena 3.8 haionekani popote kwenye cheti. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5 hadi 4.3. Mwenye 3.6 na mwenye 4.2 wanapewa cheti chenye maneno yaleyale, wanapigiwa makofi yaleyale siku ya mahafali. Mmoja anaruhusiwa kuomba, mwingine haruhusiwi, na aliyezuiliwa hajavunja kanuni yoyote ya chuo chake.

Angalieni hesabu yenyewe. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Chukua mwanafunzi mwenye B+ kwenye krediti 288 na B kwenye 72 zilizobaki. Huyo ni mwanafunzi mzuri, hakuna mwalimu atakayemkataa. Zidisha, jumlisha, unapata pointi 1368. Gawa kwa 360, unapata 3.8 kamili. Sasa kozi moja tu ya krediti 12 ishuke kutoka B hadi C, muhula mmoja tu, labda aliugua. Pointi zinakuwa 1356, wastani 3.766. Na kwa vile desimali zinakatwa, hazikadiriwi kwenda juu, transkripti itaandika 3.7. Hata ingekuwa 3.79 ingeandikwa 3.7. Kozi moja kati ya thelathini imemtoa.

Na sapu (mtihani wa marudio kwa aliyefeli) ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ukifaulu sapu alama ya juu unayopewa ni C hata kama umeandika mtihani wa A. Kwa hiyo mwanafunzi anayepambana na 3.8 asihesabu sapu kama jambo la "nitarudia Septemba". Kama hali ya ugonjwa au msiba ni ya kweli, aombe kuahirisha mtihani kwa maandishi KABLA ya siku ya mtihani, apeleke cheti cha daktari au uthibitisho wa msiba, apate barua ya kukubaliwa. Mtihani ulioahirishwa kwa ruhusa unahesabiwa kama mtihani wa kwanza na alama zake hazikatwi. Wangapi wanalijua hili mwaka wa kwanza? Wanaingia chumba cha mtihani na malaria, wanaanguka, wanabeba C maisha yote.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba namba hii haizeeki. Matangazo mengi ya nafasi ya Mhadhiri, ambayo yanataka mtu mwenye PhD, bado yanarudi nyuma kudai 3.8 ya shahada ya kwanza. Mtu amekwenda uzamili akapata 4.4, akafanya PhD miaka minne, ana makala kwenye majarida yanayosomwa duniani, anaitwa kukagua makala za wenzake, halafu anaondolewa kwa sababu ya alama alizopata akiwa na miaka 21. Na hana pa kurekebishia. Uzamili ukiharibika unaweza kusoma mwingine, shahada ya kwanza nani anairudia? Huku nafasi nyingi zinaweka ukomo wa miaka 45 kwa asiyekuwa mtumishi wa umma. Kisha tunakaa kwenye makongamano kulalamika kwamba vyuo vina uhaba wa wenye PhD.

Aliyevuka namba naye asishangilie, kuna mlango wa pili: makaratasi. Matangazo mengi yanakaa hewani wiki mbili tu, na wiki mbili hazitoshi kuanza kutafuta kitu chochote kati ya hivi. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) lazima iwepo, bila hiyo huwezi hata kufungua akaunti kwenye Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni. Nakala za vyeti vyote, kuanzia cha kuzaliwa na kidato cha nne hadi shahada ya mwisho, zithibitishwe na wakili kwa mhuri na sahihi. Slipu za matokeo na matokeo ya muda hayapokelewi, wanataka cheti chenyewe na transkripti. Barua ya maombi iandikwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, Dodoma, na ISAINIWE kwa mkono kabla ya kuskani. Watu wenye PhD wanaondolewa kwa barua isiyo na sahihi, na mfumo ukishafunga hakuna wa kumlilia.

Majina nayo. Cheti cha kidato cha nne kinasema majina mawili, NIDA matatu, shahada ina jina la ukoo limeandikwa kwa herufi nyingine. Siku ya usaili utarudishwa mlangoni. Tengenezeni hati ya kubadili jina kwa wakili, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, mapema, si siku mmeitwa. Na usafiri, malazi na chakula cha usaili ni juu yenu, tangazo la kuitwa linasema hivyo wazi.

Waliosoma nje ndio wanateswa kabisa. Shahada ya Uingereza haiji na GPA, inakuja na maneno. Lazima TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ikupe utambuzi na ulinganifu wa tuzo, na waliosoma sekondari nje wanahitaji ulinganifu wa NECTA, Baraza la Mitihani. Anzeni siku mliyoshuka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, msisubiri tangazo.

Naomba wahusika wajibu mambo mawili tu. Kwa nini kanuni ya 3.8 isiandikwe kwenye barua ya udahili ya kila mwanafunzi? Na kwa nini mwenye PhD asipimwe kwa PhD yake na kazi alizochapisha?

Wa_Changanyikeni:
Kiongozi, kwenye kuwaficha wanafunzi niko na wewe asilimia mia. Kwenye kuondoa namba, hapana. Umesahau hali ilivyokuwa idara zilipokuwa zinabakiza watu wao? Mwanafunzi kipenzi wa mkuu wa idara anabaki, aliyemzidi alama anakwenda kufundisha sekondari mkoani. Namba haina mjomba. Ukisema "apimwe kwa machapisho" nitakuonyesha majarida ya kulipia yanayopokea makala leo na kuitoa keshokutwa bila mtu kuisoma. Utajaza vyuo na watu hao.

Na kwa mwenye 3.5 hadi 3.7 anayesoma hapa: usizike ndoto mapema. Taasisi ambazo si vyuo vikuu kamili, zile zinazosimamiwa na NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), zina miundo yao ya utumishi na vigezo havifanani. Soma kila tangazo neno kwa neno. Shahada zisizo na madaraja, kama ya udaktari wa tiba, nazo zinaangaliwa kwa alama za somo husika.

MtuWaMaabara:
Mnazungumzia vyuo kana kwamba nje ya hapo kuna raha. Niwaambie ya kwenye miradi ya utafiti, maana vijana wengi wa 3.7 ndiko wanakokimbilia.

Nafasi ya mradi ni mstari kwenye bajeti ya mfadhili, haipo zaidi ya hapo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, na Mei 2025 taasisi yao ya utafiti wa afya, NIH, ilipotangaza kusitisha utaratibu wa ruzuku ndogo zinazopitishwa kwa washirika wa nje, watu wa maabara, wauguzi wa utafiti na wachambuzi wa takwimu walijikuta hawana kitu. Si kwamba walifanya kazi vibaya. Mstari wao umefutwa.

Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza haya bila aibu. Ruzuku inaisha tarehe ngapi, na imebaki miezi mingapi? Mshahara wako umewekwa kwa asilimia ngapi ya muda? Mtu anaambiwa ni ajira kamili, kumbe bajeti inamlipa asilimia 50 na nusu nyingine "inatafutwa". Je, ni mkataba wa ajira au wa ushauri? Hapo ndipo wanapowaumiza. Mkataba wa ajira una NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na nusu yake wanaweza kukukata wewe. Mkataba wa ushauri unakatwa kodi ya zuio asilimia 5 basi, huna akiba ya uzeeni wala likizo, lakini unatakiwa kuripoti saa mbili kasoro kila asubuhi kama mwajiriwa. Hiyo ni dhuluma, tuiite jina lake.

Na muulize jambo ambalo wengi wanasahau: jina lako litakuwa kwenye makala? Mkubaliane mwanzoni, kwa barua pepe, nani ni mwandishi na kwa mchango gani. Ukikusanya sampuli miaka mitatu halafu ukaishia kwenye aya ya shukrani, CV yako haijasogea hata hatua moja.

Mwanzisha uzi:
@Wa_Changanyikeni nakuelewa, mkuu, ila hoja yako inalinda mlango wa Mkufunzi Msaidizi. Hapo sina ugomvi, kijana ametoka shahada ya kwanza, hana kingine cha kupimwa. Mimi nasema mlango wa Mhadhiri. Makala za kulipia zinachujika: jopo la wanataaluma wa fani ile wasome kazi tatu bora za mwombaji, waangalie tasnifu na watahini wake wa nje. Kama tunawaamini maprofesa hao kutoa PhD, kwa nini hatuwaamini kuisoma?

@MtuWaMaabara umesema kweli tupu. Naongezea kwamba hata fedha za kusomea zinafuata aliyekwisha kuingia. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 wa mwaka 2021, umewasomesha wanataaluma shahada za juu, lakini ni wale walioajiriwa tayari. Aliye nje ya ajira atafute ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, wa kusoma ndani ya kanda, na aangalie tarehe, maana wanataka shahada yako ya mwisho isizidi miaka sita. Akina dada wa sayansi waombe OWSD, jumuiya ya wanawake wanasayansi, inalipia PhD kwenye vyuo vya nchi zinazoendelea. Na asikubali mtu kulipa ada ya kuchapisha kabla ya kuomba msamaha wa ada: Tanzania iko kundi A la Research4Life, mpango wa kuzipa nchi za kipato cha chini majarida bure au kwa bei nafuu, na wachapishaji wengi wanaofuata orodha hiyo wanafuta ada yote. Wengine wanafuata orodha ya Benki ya Dunia, ambayo tangu Julai 2020 inatuhesabu kipato cha kati cha chini, hao huenda wakapunguza tu. Omba wakati wa kuwasilisha makala, kwa sababu ikishakubaliwa wengi hawasikilizi tena.

Mwl_wa_Mbagala:
Samahani wakuu, ambaye ni mwalimu wa sekondari ya serikali na ana 3.9 na uzamili 4.2, anaomba moja kwa moja?

Mwanzisha uzi:
Hapana, mwalimu. Wewe tayari ni mtumishi wa umma, barua yako lazima ipitishwe na mwajiri wako, yaani Mkurugenzi wa halmashauri, kupitia mkuu wa shule. Na hapa ndipo barua zinapolala, tangazo linafungwa ikiwa bado mezani kwa afisa utumishi. Andika barua leo, acha nafasi ya jina la kada na tarehe ya tangazo, muonyeshe mkuu wa shule mapema ajue inakuja. Tangazo likitoka ichape, ipeleke kwa mkono, igongwe mhuri wa mapokezi kwenye nakala yako, na urudi kuiulizia siku ya tatu. Isiposogea panda kwa Mkurugenzi mwenyewe na hiyo nakala yenye mhuri.