Probox haiwaki, fundi asema kompyuta imekufa. Ninunue ECU ya mtumba ama nisubiri?

probox_ya_marereni
Salaam wakuu. Nina Probox ya injini ya 1NZ, 1500cc, gia oto, nabebea mizigo Malindi, Gongoni mpaka Marereni. Juzi nimeshusha magunia ya chumvi hapa mjini, nikazima gari nikaenda kula, kurudi haiwaki. Starta yazungusha vizuri, betri haina neno, lakini injini haishiki hata kukohoa hakuna, na nikiwasha ufunguo taa zote za dashibodi zaja isipokuwa ile ya cheki injini. Fundi akaleta skana akachomeka, ikaandika haina mawasiliano, basi papo hapo akasema kompyuta imekufa, ataka elfu thelathini na tano atafute ingine. Nikiuliza pembeni naambiwa Mombasa kuna za mtumba za eksi-Japani hadi elfu kumi na mbili. Sasa kwani kompyuta ya gari hufa hivi hivi tu ghafla? Na hiyo ya mtumba nachomeka naenda zangu ama kuna mambo ya ufunguo? Mwenye kujua anieleze taratibu, mie ni dereva si fundi.

kisumu_ndogo_boy
Pole ami. Cheki pampu ya petroli kwanza, yangu ilinifanya hivohivo nikasumbuliwa wiki nzima

fundi_waya_maweni
@kisumu_ndogo_boy pampu ikifa taa ya cheki injini bado itakuja ukiwasha ufunguo. Yake haiji, hapo ndipo pa kuangalia.

Kaka pole sana. Sikatai kompyuta hufa, lakini gari nyingi ninazoletewa zishahukumiwa "kompyuta imekufa" ukipima wakuta boksi la kompyuta lenyewe zima, ni umeme haulifikii. Skana kusema haina mawasiliano maana yake boksi halijibu tu, na mtu asojibu huenda ana njaa, hajafa. Anza na fyuzi ya EFI, yaani mfumo wa kupulizia petroli, na rilei yake, ile swichi ndogo ya umeme, huko mbele kwenye boksi la fyuzi. Rilei unaweza kubadilishana na ingine ya aina moja hapohapo ukaona tofauti, hiyo ni bure.

Halafu ECU, ndiyo hiyo kompyuta, iko nyuma ya kile kisanduku cha makaratasi upande wa abiria. Kupima, soketi ibaki imechomekwa, pini ya mita iingie kwa nyuma ya waya. Pini yaitwa BATT iwe na 12V hata ufunguo ukiwa mfukoni. Pini za IGSW na +B zipate 12V ukiwasha. Kama IGSW ipo na +B hakuna, usilaumu boksi bado, fuata rilei na waya zake kwanza. Alafu athi, yaani njia ya umeme kurudi nagetivu, pini ya E1. Waya yake huenda kufungwa kwa injini na huku kwetu na hii hewa ya bahari, tena wewe wabeba chumvi juu yake, ile boliti yaota kutu kwa chini na juu yang'aa kabisa. Weka mita kati ya E1 na nagetivu ya betri, mwenzio azungushe starta, ikipita 0.2V fungua athi usugue mpaka uone chuma.

Sasa la mwisho, na hili ndilo linalowauzia watu kompyuta za bure. Kuna pini yaitwa VC, hiyo ECU huitoa 5V kupelekea sensa kama ya throto, ule mlango wa hewa ya injini, na ya ekseleta kama gari yako haina kebo. Sensa moja ikipiga shoti ndani, ama waya yake ikichubuka ikagusa bodi, ile 5V yaanguka na kompyuta nzima yalala. Dalili zake ni hizohizo zako, taa ya cheki injini haiji na skana haipati kitu. Kwa hivo pima VC, ikiwa iko chini chomoa soketi za sensa moja moja huku mwenzio anaangalia dashibodi. Taa ikiwaka ghafla, uliyoichomoa ndiyo mwizi. Ikiwa umechomoa zote na waya ni nzima na 12V na athi ziko sawa na bado hakuna 5V, hapo sasa ndio tunazungumza ya kununua boksi.

Na usimkubalie mtu achomeke testa ya bulbu kwenye pini za ECU. Mita tu.

bint_mambrui
Swali lake la ufunguo hamjamjibu. Mie nna Wish, niliuziwa ECU ya mtumba Mombasa nikaambiwa ni ileile, tukachomeka, gari yawaka sekunde mbili yazima, yawaka yazima. Kumbe ufunguo wangu una chipu na ile kompyuta yaijua chipu ya gari ilikotoka huko. Yule aliyeniuzia akasema hayo si mambo yake, pesa haziregeshwi. Ikabidi nitafute mtu akatoa data kwenye ile memori ya kompyuta ya zamani akaikopi kwa hii mpya, ndio ikatulia. Kwa hivo ya zamani usiitupe na usimwachie muuzaji hata akikupunguzia bei

fundi_waya_maweni
Kweli kabisa dada. Probox nyingi za kazi ufunguo wake ni chuma tu, hazina imobilaiza, ile kinga ya wizi inayosoma chipu, hapo waweza kuchomeka ukaondoka. Ila ukiwa na chipu ama unakopi data, ama ununue ECU pamoja na boksi lake la imobilaiza na ufunguo wake kutoka gari moja.

Na namba. Kwenye stika ya ECU ya Toyota kuna namba yaanza 89661, halafu mstari, halafu tano za nyuma. Hizo za nyuma zifanane zote, usiambiwe "injini ni moja basi zaingiliana". Ya gia oto na ya manyuo injini ni moja na kompyuta si moja.

kisumu_ndogo_boy
umechomelea keria hivi karibuni? kuna jamaa alichomelewa bila kutoa betri ndio ikawa mwisho wa kompyuta

probox_ya_marereni
La, keria ni ileile ya zamani. Nimemchukua kijana mwingine ana mita, tumefuata kama ulivosema @fundi_waya_maweni. BATT 12, IGSW 12, +B 12, athi haina shida. VC hakuna kitu, sufuri. Tumechomoa sensa ya throto na zingine zote zinazotumia hiyo 5V, bado sufuri, na tumepima waya ya VC na bodi haijagusa popote. Basi tukatoa betri tukalifungua boksi. Wakuu, kwenye kona moja kuna unga mweupe kama magadi, pini za soketi upande huo zimekuwa kijani, moja nimeigusa na njiti ya kibiriti ikakatika.

fundi_waya_maweni
Basi hiyo imekufa kweli, na ni maji. Sasa usinunue kitu kabla hujajua maji yametoka wapi, la sivyo utaiweka hiyo ya elfu kumi na mbili palepale pa kuoga. Toa kapeti ya abiria upapase chini yake. Mwagia maji kioo cha mbele mtu akiwa ndani na tochi.

probox_ya_marereni
Ni kioo! Kilibadilishwa mwaka jana kikapakwa silikoni tu, kona ya juu kushoto imeachia, maji yateremka kwa ndani ya nguzo mpaka nyuma ya kisanduku. Na mvua za masika zile, mie nikidhani kapeti yaloa kwa sababu ya magunia. Kioo kimetolewa kimerudishwa na gundi yake ya vioo. ECU nimepata Mombasa, namba zote sawa na ya gia oto, elfu kumi na nne, nimeelewana na muuzaji kwa maandishi kuwa siku tatu haikuwaka naregesha. Soketi za waya tumesafisha na spiriti na brashi ya meno, pini iliyolegea tumeibana. Ufunguo wangu hauna chipu. Imeshika mara ya kwanza, Alhamdulillah. Ila silensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, iko juu kidogo na AC ikiwashwa yatetema, hiyo ni kawaida?

fundi_waya_maweni
Kawaida, boksi hilo lilikuwa lajua throto ya gari ingine. Iache iungurume mpaka injini ipate moto bila AC, halafu uwashe AC uiache tena, kisha uiendeshe safari zako. Ikikataa kushuka safisha throto, kwa barabara ya Marereni na vumbi lile lazima imejaa uchafu.

bint_mambrui
@probox_ya_marereni huyo wa Mombasa anayekubali kuandikishana na kuregeshewa, niletee namba yake inboksi tafadhali